Gari Limetoka Gereji, Mbona Mwendo Ni Ule Ule?



Juma lililopita tulipokea barua kutoka kwa mama mmoja wa Kisauni. Gari la nyumbani kwake ni Toyota ndogo iliyoletwa kutoka Japani ikiwa imekwisha kutumika, na mwezi uliopita lilifanyiwa huduma ya kawaida: oili ikabadilishwa, machujio mawili yakabadilishwa, la oili na la hewa, breki zikatazamwa, maji ya rejeta yakaongezwa. Bwana wake alilichukua gereji, akaenda nalo mpaka Nyali na kurudi, kisha akasema hakuona tofauti hata chembe, na kwamba pesa zile zingetosha ada ya madrasa ya watoto wawili. Mwezi wa Disemba wana arusi Nairobi. Watakwenda watano garini, wawili kati yao wakiwa watoto, na bwana ameshaamua kuwa gari halitapita kwa fundi kabla ya safari, maana mara iliyopita fundi hakubadilisha kitu. Mama anatuuliza: je, ni kweli huduma ya gari haibadilishi mwendo wake?

Twaanza kwa kumpa bwana haki yake. Alichokihisi ni kweli. Gari lililokuwa zima, likabadilishwa oili na machujio, aghalabu huenda vile vile lilivyokuwa likienda jana. Wapo madereva wengi wanaoapa kwamba gari likitoka huduma huwa jepesi, hukimbia kama lililozaliwa upya. Baadhi yao wanasema kweli kwa sababu tutakazozitaja, lakini wengine wanalisifu gari lililooshwa na kupanguswa vioo, na moyo wa mtu aliyelipa hupenda kuona alicholipia. Bwana huyu hakujidanganya. Taabu iko kwenye hukumu aliyoitoa baada ya hapo, na hukumu hiyo ndiyo itakayowabeba watu watano mpaka Nairobi.

Tutazame oili kwanza, kwa kuwa ndiyo inayolalamikiwa zaidi. Kazi yake ni kuzuia chuma kisisage chuma, kupunguza joto, na kubeba masizi na uchafu kuupeleka kwenye chujio. Oili iliyochoka bado inateleza kiasi cha kuliendesha gari. Dereva hawezi kuihisi kwa mguu wala kwa mkono, labda asubuhi injini ikiwa baridi ndipo sikio zuri litambue kuwa mlio umepungua ukali baada ya oili kubadilishwa. Lakini ndani, oili iliyopitwa na wakati huanza kuwa nzito kama uji, ikaziba vijia vyembamba, na sehemu za juu za injini zikakosa kufikiwa. Gari litaendelea kwenda vizuri miezi mingi katika hali hiyo. Siku litakapoanza kugonga, gharama si ya galoni moja ya oili tena. Ni ya injini.

Watu huuliza: kwa nini fundi anaandika kilomita 5,000 kwenye kile kikaratasi, ilhali mwenye gari Japani hukaa muda mrefu zaidi? Toyota huko kwao hutaja kilomita 15,000 au mwaka mmoja kwa magari yake mengi ya petroli yasiyo na tabo. Lakini ratiba hiyo hiyo ina safu ya pili, ya gari linalotumika katika hali ngumu, na hapo muda hukatwa nusu: kilomita 7,500 au miezi sita. Hali ngumu maana yake ni safari fupi fupi, kusimama kwingi injini ikiwaka, mwendo wa pole pole, na vumbi. Anayeijua Makupa saa moja na nusu asubuhi, au aliyewahi kusubiri feri Likoni jioni ya Ijumaa, hahitaji kuelezwa gari lake limo safu gani. Hizo 5,000 za fundi zina tahadhari ndani yake, pengine na biashara kidogo, lakini hazikutoka hewani.

Wazee wetu waliosafiri kwa majahazi waliujua mgawanyo huu kabla ya gari kufika pwani. Chombo kilipopandishwa ufukweni kwa matengenezo kilifanyiwa kazi mbili tofauti. Moja ilikuwa kukwangua uchafu wa bahari ulioganda chini ya maji na kukipaka shahamu na chokaa. Kazi hii nahodha aliihisi siku ile ile kilipotiwa majini, kwani chombo kilikata maji kwa wepesi na upepo mdogo ulitosha. Kazi ya pili ilikuwa kalafati, kuingiza pamba katika maungio ya mbao. Kalafati haimwongezei nahodha mwendo. Chombo kilichokalafatiwa jana na kilichokalafatiwa miaka miwili iliyopita huenda sawa kwenye maji matulivu ya bandarini. Tofauti huonekana kusi likivuma, mbao zikianza kujipinda katikati ya bahari.

Gari nalo lina shahamu yake na kalafati yake, na huduma moja huzichanganya zote mbili katika risiti moja.

Yale yanayohisika ni haya. Upepo wa matairi ndio wa kwanza, na ndio wa bei rahisi kuliko yote. Tairi lililopungukiwa upepo huufanya usukani kuwa mzito, hulivuta gari upande mmoja, na hulifanya litambae kama lililokanyagiwa breki. Wizara ya nishati ya Marekani inakadiria kwamba kila paundi moja ya upepo inayopungua kwenye matairi yote huongeza matumizi ya petroli kwa takriban asilimia 0.2. Ni kidogo, lakini matairi mengi yanayozunguka mjini yamepungukiwa paundi nane au kumi bila mwenyewe kujua, kwa sababu tairi la siku hizi halionekani kulegea mpaka limelegea sana. Kiwango sahihi kimeandikwa kwenye kibandiko kilicho katika mhimili wa mlango wa dereva. Kwa magari ya Japani huandikwa kwa kPa: ukikuta 230, hiyo ni karibu paundi 33.

Balansi ya magurudumu huhisika pia, ila si mjini. Gurudumu lisilo na balansi hutikisa usukani gari likifika kilomita 80 au 100 kwa saa, mwendo ambao mtu haufikii mpaka atoke Mtwapa aelekee Kilifi. Plagi zilizokwisha huifanya injini ikohoe na kusita unapokanyaga mafuta. Shoki zilizokufa hulifanya gari liendelee kunesanesa baada ya tuta na kuinamisha pua unapofunga breki. Oili ya giaboksi ya otomatiki, ikichakaa sana, huleta mshtuko gia inapobadilika. Mambo haya yakitengenezwa, hata mtoto aliyeketi nyuma atasema gari limebadilika.

Chujio la hewa liko katikati. Mwaka 2009 maabara ya Oak Ridge, huko Tennessee, Marekani, ililipima jambo hili kwa magari ambayo petroli yake hupimwa na kompyuta, yaani kama karibu yote tunayoagiza leo. Waliyaziba machujio makusudi, wakapima. Matumizi ya petroli hayakubadilika kwa kiasi cha maana, kwa sababu kompyuta hupunguza petroli kadiri hewa inavyopungua. Lakini nguvu ya gari ya kuongeza mwendo ilipungua: chujio safi liliufupisha muda wa kushika kasi kwa asilimia 6 hadi 11. Kwa hiyo anayebadilisha chujio la hewa akitarajia kuokoa petroli atavunjika moyo, na anayelipita lori baada ya Mariakani huenda akashukuru. Kwa yale magari ya zamani ya kabureta hesabu ni nyingine. Hayo huhisi chujio katika petroli pia.

Hata hivyo, mengi kati ya haya yanayohisika hatuyahisi, na sababu yake kila mzazi anaijua. Mtoto anayekua nyumbani hatumwoni akirefuka. Bibi akija kutoka Lamu baada ya mwaka ndiye anayeshangaa mlangoni. Shoki hazifi siku moja. Hufa kidogo kidogo kwa kilomita elfu nyingi, na mguu na mgongo wa dereva huzizoea kila siku. Breki huongezeka urefu wa pedali kwa unywele mmoja kwa juma. Dereva wa gari ndiye mtu wa mwisho kujua. Ushauri wetu ni kumpa ufunguo mtu mwingine anayeendesha gari la namna hiyo hiyo, ndugu au jirani, azunguke nalo nusu saa bila kuambiwa lolote, kisha aulizwe. Mara nyingi atasema neno moja ambalo mwenyewe hajalifikiria tangu anunue gari.

Sasa tufike kwenye breki, maana hapa ndipo safari ya kwenda Nyali na safari ya kwenda Nairobi zinapoachana kabisa.

Breki za gari dogo huendeshwa na mafuta maalumu yaliyofungiwa kwenye mirija. Mafuta hayo yana tabia moja mbaya: hunyonya unyevu wa hewa. Hunyonya kupitia kifuniko cha chupa yake na kupitia mirija ya mpira, taratibu, mwaka hata mwaka, na sisi tunaishi mahali ambapo chumvi ya mezani hulowa ndani ya kopo. Mafuta mapya ya daraja la DOT 3 yanatakiwa yasichemke kabla ya nyuzi 205 za selsiasi. Yakishanyonya maji kiasi cha asilimia 3.7 hivi, kiwango hicho hushuka mpaka 140. Kwa DOT 4 ni 230, na yakilowa 155. Mafuta yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hubanika ambapo mafuta hayabaniki. Dereva anakanyaga, pedali inazama mpaka sakafuni, na gari linaendelea kwenda.

Je, mtu atayajua haya kwa kwenda Nyali? Hawezi. Mjini breki hazipati joto la kutosha. Gari linalokwenda kilomita 100 kwa saa hubeba nguvu mara nne ya lile linalokwenda 50, na nguvu yote hiyo hugeuka joto katika breki anapolisimamisha. Ongeza watu watano na masanduku ya arusi. Ongeza lori lililo mbele linalosimama na kwenda, au mteremko wa Mazeras wakati wa kurudi, mguu ukiwa juu ya pedali muda mrefu. Aliyewahi kushuka kutoka Wundanyi kwenda Mwatate kwa zile kona, akasikia harufu ya kuungua magurudumuni, amekwisha kuona joto tunalolisema. Mafuta mapya ya breki na ya miaka sita hukanyagika sawa kabisa katika foleni ya daraja la Nyali. Watengenezaji wengi hutaka yabadilishwe kila miaka miwili, na ni jambo linalosahauliwa kuliko yote, kwani gereji nyingi huongeza juu tu yakipungua. Gari lililotoka Japani miaka mitatu iliyopita, lisipobadilishwa mafuta hayo, lina maji ya Japani na ya Mombasa pamoja.

Liko na jambo la mkanda wa taimingi, ambalo ni fupi. Si magari yote yanao. Mengi ya sasa hutumia mnyororo. Lenye mkanda, aghalabu hutakiwa ubadilishwe kilomita 100,000. Mkanda mpya na wa zamani haviachani hata kidogo kwa dereva. Ukikatika njiani, katika injini nyingi vali na pistoni hugongana, na hapo gari husukumwa.

Neno juu ya maji ya rejeta, kwa kuwa ni kosa la watu wa pwani hasa. Husemwa kwamba kulanti ni ya nchi za baridi, na huku maji yatosha. Kweli huku maji hayagandi, lakini kulanti huzuia pia kutu na huchelewesha maji kuchemka. Maji ya visima vyetu vingi yana chumvi, na injini za siku hizi zina sehemu nyingi za alumini zinazoliwa na chumvi hiyo. Bwana anayeongeza maji ya kisima kila juma hatasikia chochote usukanini. Atakachokiona ni mshale wa joto ukipanda baada ya Voi, saa saba mchana.

Tumesema bwana wa Kisauni hakujidanganya, na haki inatutaka tuseme pia kwamba shaka yake juu ya gereji si ya kupuuzwa. Wapo wanaolipwa kwa kazi ambayo haikufanywa. Asiyeweza kuihisi huduma mwilini anaweza kuiona kwa macho. Simama pale oili inapomwagwa, tazama chupa mpya ikifunguliwa mbele yako, na uombe urudishiwe vitu vya zamani vilivyotolewa: chujio, plagi, pedi za breki. Fundi mwaminifu haudhiki kwa hilo. Kesho yake asubuhi vuta kijiti cha kupimia oili. Kwa gari la petroli iwe na rangi ya asali na ifike kati ya alama mbili, isizidi ya juu. Kwa dizeli rangi haikuambii kitu, maana hugeuka nyeusi mapema. Ukiambiwa injini inahitaji kusafishwa ndani kwa dawa, au plagi za iridiamu ambazo nyingi hufika kilomita 100,000 zibadilishwe zikiwa na 30,000, una haki ya kuuliza kwa nini.

Na likitokea gari likabadilika kuwa baya baada ya huduma, hilo si la kulizoea wala la kungoja litulie lenyewe. Pengine sababu ni ndogo: betri ilifunguliwa, kompyuta ikasahau, na mzunguko wa injini ukawa wa juu au wa chini kwa siku moja mbili. Lakini mpira wa hewa usiokazwa, nati za gurudumu zilizoachwa legevu, au oili isiyo yake iliyotiwa kwenye giaboksi ya CVT, haya ni ya kurudi gereji siku ile ile. Giaboksi ya CVT hasa haisamehe. Oili yake ni tofauti na ya otomatiki ya kawaida, na jina lake limo katika kitabu cha gari, ambacho hata kikiwa cha Kijapani, herufi na tarakimu za aina ya oili husomeka.

Kwa mama wa Kisauni, basi: oili iliyobadilishwa mwezi uliopita bado njema, na hakuna haja ya kuibadilisha tena kwa ajili ya arusi ikiwa kilomita zake hazijafika. Pesa hizo zipelekwe kwenye mafuta ya breki ikiwa hayajabadilishwa miaka miwili, na fundi afungue magurudumu manne azipime pedi kwa macho, asizikisie kwa kutikisa kichwa. Matairi yatazamwe umri wake. Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: 2317 maana yake liliundwa juma la 23 la mwaka 2017, na tairi kama hilo, hata likiwa na meno mazuri kwa kukaa chini ya mwembe muda mrefu, hatulipendi kwa njia ya Voi. Upepo upimwe asubuhi matairi yakiwa baridi, kwa kiwango cha gari lililojaa watu ikiwa kibandiko kinakitaja, na la akiba lisisahauliwe kwenye buti. Hayo yote ni kazi ya nusu siku. Bwana akimaliza na kuliendesha tena mpaka Nyali, hapana shaka atasema mwendo ni ule ule, na wala asibishiwe.

Kisha linunuliwe daftari la mazoezi likae kwenye kisanduku cha mbele cha gari: tarehe, kilomita, kilichobadilishwa, aina ya oili, na bei. Daftari hilo ndilo litakalokumbuka mafuta ya breki, kwa kuwa mguu hautakumbuka.

Juma lijalo, inshallah, tutajibu swali la betri, ambalo tumeulizwa na wasomaji wa Malindi na Ukunda: kwa nini hapa pwani hufa kabla ya miaka yake.